Gari Ambalo Halijaambiwa

Saa nne asubuhi, kando ya ziwa moja la Uswidi, kaskazini ya Gothenburg, Habbo Tjaden anagonga mlango wa gari ambalo anajua fika halina mtu. Anagonga mara tatu, anarudi nyuma hatua moja, anavua kofia, anasubiri. Hakuna anayemjibu. Ni gari-nyumba jeupe la mita saba, lina namba za Leer, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, mapazia yameshushwa kote, na majani ya misonobari yamelala juu ya kioo cha mbele kwa sababu halijasogezwa kwa siku kumi na tisa.

"Adabu tu," ananiambia, akirudisha kofia kichwani. "Hata wewe usingependa mtu aingie kwako bila hodi."

Habbo ana miaka sitini na minne. Kazi yake ni kurudisha nyumbani magari-nyumba ambayo wenyewe hawawezi tena kuyaendesha. Mtu anatoka Ujerumani na mkewe, wanavuka kwa feri ya usiku, wanazunguka Uswidi au Norwe majira yote ya joto, halafu moyo unagoma, au nyonga inavunjika, au asubuhi anaamka mmoja badala ya wawili. Mgonjwa hurudishwa kwa ndege. Maiti hurudishwa na watu wa mazishi. Gari linabaki limesimama kwenye kambi ya watalii na vikombe vyake, na hapo ndipo watu wa bima wanapompigia simu Habbo.

Zamani alikuwa dereva wa basi la Leer kwenda Emden, miaka thelathini na moja, mpaka mgongo ulipokataa. Pensheni yake ni yuro 1,180 kwa mwezi. Kila siku ya safari hizi inamwingizia yuro 170 na kitanda cha feri. Mwaka jana alikwenda safari ishirini na tatu.

"Kumi na nne walikuwa wamekufa, tisa wazima kiasi," anasema. "Hao wazima kiasi ndio wasumbufu. Wanapiga simu kila saa kuuliza kama nimefuta vioo."

Watu wengi wamejaribu kazi hii wakaiacha baada ya safari ya pili, nami nilipoona ndani ya magari hayo sikuwalaumu. Unakuta miwani imewekwa juu ya kitabu kilichofunguliwa. Unakuta mkate umeliwa nusu, na alama za meno zipo. Mara moja, huko karibu na Trondheim, Habbo alikuta sufuria ya viazi vilivyokwisha kumenywa, vinangoja moto. Hivyo amejiwekea masharti. Halali kwenye kitanda cha mtu, hatumii choo chake, hagusi sukari yake. Anabeba kikombe chake mwenyewe, majani yake ya chai na kikopo chake cha sukari ya mawe, kama Mfrisia yeyote, mtu wa pwani ile ya Leer, mwenye akili timamu.

Kuna jambo lingine, na hilo ndilo lililonifanya nimuombe niende naye. Kwa gari la marehemu, Habbo hufungua kwanza madirisha yote pamoja na lile la paa. Kisha huweka mkono juu ya usukani na kuliambia gari habari. Anataja jina la mwenye gari, anasema amekufa siku gani, anasema yeye ni nani na wanakwenda wapi.

"Bibi yangu alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja," alinieleza kwenye treni tulipokuwa tunakuja. "Babu alipofariki, kabla hata ya kumwita mchungaji, alikwenda zizini akamnong'oneza kila ng'ombe sikioni: bwana wako amekufa. Halafu akaenda kwenye mizinga, akagonga, akawaambia na nyuki. Usipowaambia, ng'ombe wanakata maziwa na nyuki wanahama. Mimi sina ng'ombe. Nina haya magari."

Nilimuuliza kama anaamini.

"Siamini hata kidogo," akasema. "Lakini sijawahi kuacha, ila mara moja tu, kwa sababu ya mvua. Na safari hiyo usiniulize."

Nilimuuliza hata hivyo, ndiyo kazi yangu. Aligeukia dirishani akaanza kuhesabu ng'ombe wa Denmark waliokuwa wakipita nje.

Lakini leo, kando ya ziwa, Habbo hafungui kitu. Anazunguka gari lote mikono ikiwa mgongoni. Anaangalia magurudumu, anaangalia mtungi wa gesi kwenye kabati lake la nje, anapangusa kioo. Mlango wa nyuma hauelekei hata kwa macho. Amekatazwa.

Aliyemkataza ni mwenye gari, Bi Gesche Hinrichs wa Jemgum, kijiji kilicho ng'ambo ya mto kutoka Leer. Alimpigia Jumapili baada ya ibada. Habbo amenisimulia maneno yake mara nyingi kiasi kwamba nayajua kwa moyo.

"Bwana Tjaden, najua unavyofanya, nusu ya Leer inajua. Safari hii usifanye. Usifungue dirisha, usifungue mlango wa nyuma, na usiliambie. Hewa iliyomo mle ni ya Eibo, naitaka ifike ilivyo. Na habari nitaitoa mimi. Mimi ndiye mkewe."

Bi Gesche ana miaka sabini na mmoja. Mwezi Juni alivunjika nyonga akishuka ngazi ya jikoni, wiki mbili kabla ya safari. Tiketi za feri zilikuwa zimeshalipwa. Mumewe, Eibo, fundi wa mitambo ya maziwa aliyestaafu, alitaka kufuta safari, na mkewe akamwambia aende zake, amwache apumue. Yalikuwa majira yao ya thelathini na sita kusafiri, na mara ya kwanza Eibo kwenda peke yake. Tarehe tisa Agosti, Majken, mwanamke mwenye kambi, alimkuta amekaa kwenye kiti chake cha kukunja akitazama ziwa, kikombe kiko pajani. Chai ilikuwa imepoa.

Maiti ilirudi, watu wakazika, maua yakanyauka. Bi Gesche hakuwa pale mumewe alipokata roho, na hilo linamla. Ndani ya gari lile, kwa hesabu yake, bado kuna mahali pamoja duniani ambapo Eibo hajafa. Anataka apafikie kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mimi niliingia mara moja tu, kuchukua pasipoti yake," Majken alituambia akimkabidhi Habbo funguo. Ni mwanamke mfupi, mikono ya kazi. "Nikazima taa, nikazima swichi ya pampu ya maji pale juu ya mlango. Nimezaliwa kambini, swichi siisahau. Kisha mkewe akapiga simu, nikashusha pazia la nyuma ya viti nikaliziba kwa selotepu pembe zote. Tangu hapo hata nzi hajaingia."

Tuliingia kwa mlango wa dereva. Nyuma ya viti vyetu, pale ambapo kwa kawaida unaona meza na kitanda, palikuwa na pazia la kijivu limezibwa kwa selotepu ya kahawia toka juu mpaka chini. Habbo alikaa, akashika usukani, na nikamwona midomo ikianza kutikisika kwa mazoea. Akaifunga.

"Kwa hiyo hajui," nikasema.

"Nani?"

"Eibo. Hajaambiwa."

"Mwandishi," akasema, akiwasha gari, "tusianze hayo. Tuna kilomita mia moja sabini mpaka bandarini."

Tulikuwa tumekwenda kama nusu saa, barabara ya msituni, hakuna gari mbele wala nyuma, tuliposikia.

Aliyewahi kulala kwenye gari-nyumba anaujua mlio huo. Maji hayaji yenyewe bombani, yanasukumwa na pampu ndogo ya umeme iliyofichwa chini ya kiti. Ukifungua bomba, inalia krrr. Ukilifunga, inanyamaza. Usiku watu wakiwa wamelala ndivyo unavyojua mwenzako ameamka kunywa maji.

Krrr, ikafanya nyuma ya pazia. Sekunde mbili. Ikanyamaza.

Habbo alitupia jicho kioo cha kando. Alipunguza mwendo kidogo tu.

"Majken amesema ameizima," nikasema.

"Nimesikia alivyosema."

Baada ya dakika kumi ikalia tena, fupi, mtu angesema anasuuza kikombe. Habbo akaegesha kando, akazima injini. Tukakaa. Msitu wa Uswidi hauna hata ndege saa za mchana, ni ukimya mtupu, na katika ukimya huo tukasikia krrr mara ya tatu, polepole, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye visogo vyetu. Mimi nina miaka kumi na minne tangu nihamie Ujerumani na sijawahi kutamani kushuka garini namna ile.

"Bomba halijafungwa sawasawa," Habbo akasema. "Linadondoka, presha inashuka, pampu inajaza. Ndivyo zilivyo. Hata swichi, huenda Majken alizima ya taa akadhani ni ya pampu."

"Basi tufungue tukalifunge."

Akanitazama. "Nimeahidi."

"Na kama maji yanamwagika? Godoro lake, nguo zake, vitu vyake vyote vikalowa?"

Hilo lilimchoma, niliona. Maana ndilo lililokuwa mezani sasa: akifungua, hewa ya Eibo inatoka na ahadi imekwisha, asipofungua, huenda anampelekea mjane gari lililooza sakafu. Alishuka, akapiga magoti kwenye kokoto, akapitisha kiganja chini ya gari lote. Alirudi na vumbi magotini.

"Pakavu," akasema, na tukaendelea.

Bandarini Gothenburg foleni ya magari-nyumba ilikuwa ndefu, wazee wa Kijerumani wamekaa nje kwenye viti vyao wakilinganisha bei za kambi na ukubwa wa samaki waliowavua. Mmoja alimpungia Habbo mkono kama wanavyopungiana wote wenye magari haya, akamuuliza safari ilikuwaje. Habbo akajibu kwamba gari si lake. Yule mzee aliangalia namba za gari, akaangalia mapazia, akaelewa. Alivua kofia, akarudi kwa mkewe, na baadaye nikaona wamehamisha viti vyao upande wa pili.

Mlangoni mwa feri ya kwenda Kiel, Ujerumani, alisimama mhudumu wa sitaha ya magari, mwanamama mrefu wa Kiswidi mwenye koti la rangi ya chungwa, jina kifuani Solveig. Alikagua mtungi wa gesi, akaridhika.

"Ndani hakuna mtu wala mbwa?" akauliza kwa Kijerumani chake kizuri.

"Hakuna," Habbo akasema.

Akatuelekeza ukutani, mstari wa mwisho kushoto. Habbo akavuta breki ya mkono, akafunga milango, akajaribu kila kitasa mara mbili. Tukapanda ngazi na abiria wengine, na nyuma yetu sitaha ikafungwa, maana baharini haruhusiwi mtu kukaa kule chini. Chakula cha jioni Habbo hakukigusa. Alikoroga supu mpaka ikapoa.

"Unajua kinachoniuma?" aliniuliza tulipokuwa tumelala, kila mtu kitandani mwake, ukuta unatetemeka kwa mbali. "Nimewabeba wafu wengi, Mwandishi. Siwaogopi. Lakini wote walikuwa wanajua. Huyu ni kama nimempakia mtu nikamficha alipo."

Saa nane kasorobo spika ikaita: mwenye gari namba LER-EH 52 aje mapokezi.

Solveig alikuwa anatungoja na tochi. Alitutangulia mpaka chini, penye baridi, harufu ya dizeli na raba, na minyororo inayogongagonga. Bahari ilikuwa shwari kabisa. Magari yamejipanga kimya, hata kengele za wizi hazilii.

"Mzee, umenidanganya," akasema. "Kuna mtu ndani."

"Hakuna mtu."

"Anaosha vyombo." Aliinua tochi kuelekea gari letu. "Nimepita hapa mara tatu kwenye zamu yangu. Mara ya kwanza nikadhani ni mashine za meli. Mara ya tatu nimesimama nikasikiliza. Anafungua maji, anafunga, anatulia, anafungua. Sheria inasema haruhusiwi mtu kubaki humu. Pakitokea moto na mimi sikumtoa, nimemuua mimi. Fungua."

Habbo alisimama mbele ya mlango wa nyuma. Nilidhani atafoka, lakini aliongea taratibu, akamweleza yote, ziwa, nyonga, simu ya Jumapili, ng'ombe wa bibi yake. Nilitegemea Solveig acheke. Hakucheka. Alimpita, akagonga ubavu wa gari kwa ngumi.

"Kuna mtu humo?" Kiswidi kwanza, halafu Kijerumani.

Kimya.

Kisha krrr, ndefu kuliko zote tulizosikia, na ilipokoma, gari likainama kidogo upande wa jikoni, jinsi magari haya yanavyoinama mtu akihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Magari ya jirani hayakutikisika. Nasema nilichokiona, na kama kuna fundi mwenye maelezo ya springi na mawimbi, aniandikie, nitamshukuru.

Solveig alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa lori.

"Nipe funguo," akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Habbo akazitoa mfukoni, akampa. "Sheria ni yako, mama, sibishani. Ila elewa kitu kimoja. Atakayefungua ndiye atakayemwambia."

Solveig alizishika zile funguo. Nilimwona akiziangalia, akiuangalia mlango. Ni mtu wa kazi, miaka ishirini na mbili baharini, ameshatoa walevi na wakimbizi na wapenzi kwenye magari ya watu. Alipiga magoti akamulika chini ya gari, akapapasa, pakavu. Akasimama.

"Anaitwa nani?"

"Eibo Hinrichs."

"Mimi simjui," akasema. "Siwezi kumwambia mtu nisiyemjua kwamba amekufa." Akamrudishia funguo, akatoa daftari, akaandika huku akisoma kwa sauti: pampu ya maji, hitilafu ndogo. Halafu, na hili nilisikia kwa masikio yangu, aliusogelea ubavu wa gari akasema kwa heshima: "Bwana Hinrichs, naomba utulie mpaka Kiel."

Akatangulia ngazini kwa hatua za haraka kuliko alivyokuja.

Habbo hakumfuata. Aliweka kiganja juu ya bati, karibu na kidirisha cha jikoni. Alivuta pumzi ndefu, na nilijua kabisa anachotaka kusema. Angesema neno moja tu, kila kitu kingekwisha, usingizi ungekuja na safari ingekuwa safari. Pumzi ile aliishikilia muda mrefu mpaka nikaogopa.

"Tunaelekea nyumbani, Eibo," akasema hatimaye. "Gesche anakungoja."

Nilikuwa na hofu, sitaficha. Lakini hapo nilimheshimu mtu yule.

Asubuhi Kiel ilikuwa na ukungu. Tulitoka ferini saa tatu na nusu, Solveig akatupungia bila kutukaribia. Mpaka Hamburg pampu ilikaa kimya, nikaanza kufikiri maji yamekwisha. Kuvuka Bremen ikaanza tena, kila robo saa. Kupita Oldenburg, kila dakika tano. Tulipoingia kwenye njia nyembamba za Jemgum, kuta za matofali mekundu huku na huku, ilikuwa haina mapumziko ya kueleweka, krrr, krrr, kama mtu anayenawa uso kwa sababu amekaribia kufika.

"Naye anajiandaa," Habbo akasema. Alikuwa ameloa jasho mgongoni na kiyoyozi kinafanya kazi.

Bi Gesche alisimama uani, magongo mawili, gauni la bluu lililopigwa pasi, nywele zimechanwa vizuri. "Moin," akasema. "Moin," tukasema. Kwetu huku salamu hiyo moja inatosha kwa harusi na kwa msiba.

"Umefungua?"

"Sijafungua," Habbo akasema. "Sijaliambia. Ila Bi Hinrichs, pampu yako inalia tangu Uswidi. Majken anasema aliizima. Huenda kuna maji."

Mama yule alitega sikio. Ikalia, wazi kabisa, kila mtu pale uani akaisikia. Uso wake haukuonyesha hofu. Ulionyesha kukereka, kukereka kwa mtu aliyeishi na mtu.

"Bomba," akasema. "Miaka arobaini na sita namwambia afunge bomba mpaka mwisho."

Akafungua mlango wa nyuma kwa funguo zake mwenyewe. Ngazi ya umeme ikatoka, akapanda hatua moja baada ya nyingine, Habbo akanyoosha mkono kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Tulisogea mpaka ukingoni mwa ua, penye banda la kuni, tukijifanya tunaangalia mto. Lakini magari haya yana kuta nyembamba.

"Eibo," tukamsikia. "Ni mimi. Kaa chini." Tukasikia magongo yakiwekwa chini. "Umekufa, baba. Tarehe tisa, pale ziwani. Moyo. Daktari anasema hukusikia maumivu, na mimi nimeamua kumwamini. Tumekuzika Jumanne iliyofuata. Watu walijaa, hata Onno wa jirani alikuja, akalia kuliko wote, mnafiki yule. Mimi ndiye niliyekwambia uende. Nisamehe. Nilikuwa na maumivu ya nyonga, nilitaka nyumba iwe kimya. Sasa ni kimya mno." Halafu sauti ikawa ya kawaida kabisa, ya mke aliyechoka. "Haya. Funga bomba, uende."

Habbo alikuwa amevua kofia. Machozi yalimtoka, hakuyapangusa.

Tulingoja ule mlio. Tuliusubiri dakika tano, dakika kumi. Haukuja.

Bi Gesche alitoka baada ya kama nusu saa, macho mekundu, mgongo umenyooka. Aliacha mlango wazi nyuma yake na akafungua dirisha la jikoni kutokea nje.

"Hakuna maji sakafuni," akasema. "Kila kitu kikavu. Nawashukuru."

"Umelifunga bomba?" Habbo akauliza.

"Mimi nina magongo mawili, Bwana Tjaden, nilikaa mlangoni tu. Sijagusa kitu." Alimwangalia muda kidogo. "Limefungwa mpaka mwisho. Swichi ya pampu nayo imezimwa."

Tulikunywa chai jikoni kwake, vikombe vitatu kila mtu, malai ya maziwa yakielea juu. Usiku ule nilimpigia Majken. Alikasirika kidogo. Swichi aliizima, akasema, na kama simwamini niache kumsumbua.

Mkataba wa Habbo na bima unakwisha Desemba. Wamemwomba aendelee mwaka mwingine, na amekubali, kwa sababu pensheni haitoshi na kwa sababu, anavyosema, hajui nani mwingine angebisha hodi. Lakini mwezi Mei amejipangia safari isiyo ya bima. Bi Gesche anataka kukaa siku moja pale ziwani kwenye kiti kile, na gari la mita saba hawezi kuliendesha. Habbo ndiye atakayeliendesha. Kila mmoja atakuwa na kabini yake ferini, amesisitiza mama, watu wa Jemgum wasipate la kusema.

"Mara yangu ya kwanza," Habbo akaniambia, "kwenda na mwenye gari mwenyewe, tena anapumua."

Malipo walikubaliana palepale mezani, kwenye kikombe cha tatu. Habbo alisema hataki pesa. Yeye na mkewe waliachana zamani, binti yake yuko Kanada na hawapigiani simu. Nyumbani ana gari lake, Opel ya kijivu ya mwaka 2009, basi.

"Siku yangu ikifika," akasema, akiangalia kikombe, "sina mtu wa kwenda kuliambia."

Bi Gesche hakumpa pole. Alifungua droo, akatoa kalamu na bahasha ya zamani, akavaa miwani.

"Huwa unaliegesha wapi?" akauliza.

"Nyuma ya posta. La tatu kutoka ukutani."

Akaandika.